Kusaka nyoka na vinyonga usiku pale Amani, Muheza: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabla ya stori. Matembezi ya usiku ya kutafuta nyoka na vinyonga msitu wa Amani yanalipa, hela yako haipotei, ila umpate mwongozaji anayejua kutembea polepole. Basi. Mi nimetembea na wa aina mbili kwenye safari moja na tofauti yao ni mbingu na ardhi.

Kwa wasiopajua, Amani ni hifadhi ya mazingira asilia iliyopo milima ya Usambara Mashariki, ilitangazwa 1997, ipo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Unapanda kutokea Muheza mpaka geti la Zigi penye jengo la stesheni ya zamani ya Wajerumani, ukizidi kupanda unafika Amani kwenyewe ambako haohao Wajerumani walianzisha bustani ya mimea 1902. Zigi ipo kama mita 450 juu ya bahari, Amani inapita 900, na msiichukulie poa hiyo namba maana wanyama wanabadilika kadiri unavyopanda, kinyonga unayemkuta chini unaweza usimwone kabisa juu. Malipo ya kiingilio ni yale ya kawaida ya serikali, unapewa kontroli namba unalipa kwa simu. Mwongozaji ni hela nyingine, mkubaliane kabla hamjatoka.

Usiku wa kwanza tulipangiwa na wakala mmoja wa utalii, jina naliacha. Alituahidi nyoka uhakika, sasa mtu anayekuahidi nyoka wa porini kwa uhakika mkimbie tu, nyoka hana ratiba. Tulikuwa kundi kubwa, matochi makali kama ya polisi, kelele, kijana anayetuongoza ana fimbo ya ndoano anavuta matawi hovyo. Tukampata kinyonga mmoja amelala, akamng'oa kwenye tawi akaanza kumpitisha mabegani mwa watu wapige picha, yule mnyama akageuka mweusi tii mdomo wazi anatoa sauti ya kufoka, watu wanacheka. Mi niliudhika sana aisee. Nyoka hatukuona hata mkia, na ungemwonaje kwa fujo ile.

Kesho yake binamu yangu akauliza pale kijijini tukaletewa mzee mmoja Msambaa, mpole, ana mabuti yake ya mvua na tochi ya kichwani ya mwanga wa kawaida. Sharti lake la kwanza, "Wanangu, huku hakuna kushika, mnaangalia kwa macho." La pili tusizidi watu wanne. Akatupitisha kwenye kanjia ka pembeni ya mashamba ya chai halafu tukaingia msituni, na yaani ule mwendo wake mwanzoni unakera, hatua mbili anasimama, anamulika jani moja moja, nikawa najiuliza tutafika lini. Kumbe hatuendi popote! Ndo kazi yenyewe hiyo.

Alitufundisha kitu ambacho sasa hivi nakifanya hata nikiwa kwa bibi shambani. Kinyonga akilala rangi yake inapauka, ukimmulika anaonekana mweupe kabisa katikati ya majani ya kijani, kwa hiyo mchana unaweza kupita chini yake mara kumi usimwone ila usiku anajitangaza mwenyewe. Na analala kwenye ncha ya kitawi, sio katikati. Mzee akasema ni kwa sababu ya nyoka, nyoka akikifuata kile kitawi chembamba kinatikisika, kinyonga anajiachia anadondoka chini. Tulimwona dume wa pembe tatu, yule ambaye wataalamu wanamwita deremensis, jina limetoka Derema hukohuko milimani. Amekunja mkia umekuwa duara, macho kayafumba, mgongoni ana ukuta wa ngozi umesimama. Jike lake lilikuwa kichaka cha mbele, halina pembe hata moja. Tulisimama pale mpaka shingo zikauma na hakuna aliyemgusa.

Nyoka sasa. Alikuwa kwenye kichaka urefu wa goti, mimi nilishapita! Mzee ndo akasema simameni. Ni nyoka wa sumu mdogo wa mitini, Atheris ceratophora, anapatikana milima ya Tanzania tu, mfupi, mara nyingi hafiki nusu mita, wetu alikuwa wa njano iliyochafuka na weusi, magamba yamesimama na juu ya kila jicho ana vijipembe. Hakusogea. Tulikaa mbali hatua kadhaa, picha nilizovuta kwa zoom zina ukungu lakini ni zangu.

Mchana wake mzee alikuwa ametuonyesha mwingine, Thelotornis, yule nyoka mwembamba wa kijivu anayenyooka hewani ukadhani kijiti. Mboni ya jicho imelala kama tundu la kufuli. Mtu anaweza kumdharau kwa wembamba ule, ila sumu yake inaharibu damu isigande na dawa yake haijatengenezwa popote, Robert Mertens, mtaalamu mkubwa wa Kijerumani wa reptilia, alikufa 1975 kwa kung'atwa na nyoka wa jamii hiyo aliyekuwa anamfuga mwenyewe. Ile dawa ya Afrika Kusini inayotibu sumu ya koboko, swila na kifutu haimhusu huyu, wala yule wa vijipembe. Kwa hiyo mwongozaji akikwambia "huyu hana shida mshike" we rudi zako gesti.

Kasoro zipo. Siafu! Mzee alituambia tuchomekee suruali kwenye soksi, binamu akaona ushamba, alivua suruali katikati ya msitu. Juu kule usiku ni baridi, beba sweta. Na kuna wanakijiji watawauliza kama mnakamata wa kuuza, msikasirike, biashara ya kusafirisha wanyama hai nje ilikuwepo miaka mingi mpaka serikali ilipoizuia 2016, watu wameona mengi.

Bei mzee alitaka elfu hamsini kwa wote wanne, binamu akaanza kubageini nikamkanyaga mguu. Yule wa wakala tulimlipa zaidi ya mara mbili yake. Mi nampa mzee tano kwa tano.

Kama unaenda nenda mvua zikishaanza, kiangazi msitu unakuwa kimya. Na kama una usiku mmoja wa ziada lala Zigi, kule chini ndo kuna kale ka kinyonga kadogo kuliko kidole, kenye ndevu kidevuni, sisi hatukukapata muda ulikuwa umeisha.