Yamaha MG10XU kwenye kumbukumbu ya mzee wa kwaya na maigizo: je, inatosha?

Marehemu alikuwa mwalimu wa kwaya, kiongozi wa kikundi cha maigizo, na baba aliyewahi nyumbani kula na wanawe. Familia ya mtu kama huyo ikiandaa kumbukumbu ya mwaka, hotuba pekee haziitoshi. Inataka kwaya yake iimbe, kikundi kiigize kipande alichokipenda, mpiga ligombo, zeze la nyuzi la Wahehe, apewe nafasi, mjane aseme neno, na mwisho sauti ya mzee mwenyewe isikike kutoka kwenye kaseti. Yote chini ya turubai moja, iwe Uyole ya Mbeya au Ipogolo ya Iringa. MG10XU ni mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti za maiki na vyombo, na hapa tunaipima kwa shughuli ya namna hiyo, si kwa disko.

Jina lina 10 lakini usidanganyike: nafasi za maiki ni nne tu. Zilizobaki ni jozi tatu za stereo, za kinanda, deki na simu. Kwa hiyo ratiba ya shughuli ndiyo inayogawa chaneli, na ukikosea hapo hakuna kitufe kitakachokuokoa.

Chaneli ya 1 mpe msemaji, na maiki ya mkononi ya Shure SM58 inamfaa. Mjane haongei kama mshereheshaji. Ataanza kwa nguvu, sauti itashuka, atanyamaza, kisha atanong'ona huku maiki imeshukia kifuani. Mpe mjukuu mmoja kazi ya kuishika, sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Kisha fungua kompresa ya kitufe kimoja, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ambayo iko chaneli 1 na 2 pekee, kiasi cha robo tu. Kwa kweli kitufe hiki ndicho sababu kubwa ya kuipenda mashine. Ila ukikizidisha, spika zinaanza mluzi, kwa kuwa kinanyanyua hata kile kilichokuwa chini. Gaini, yaani kiasi cha sauti inayoingia, ipange mtu mwenye sauti nene akisema: taa ya PEAK ikiwaka, rudi nyuma kidogo.

Chaneli 3 na 4 ni za kwaya. Waimbaji 20 kwa mistari miwili wanatoshewa na maiki mbili za kondensa, zikae mita 1 mbele yao, juu kidogo ya vichwa, na zenyewe zipishane mita 3. Zikikaribiana kuliko hapo, sauti ileile inaingia kwenye zote mbili na kujikata. Umeme wa 48V, ambao maiki za kondensa haziwezi kufanya kazi bila huo, una swichi moja kwa maiki zote, kwa hiyo shusha sauti kwanza ndipo uibonyeze, la sivyo wageni watashtuliwa na mlio. SM58 yenye waya mzima haidhuriki. Waya mbovu ni habari nyingine. Bonyeza pia kichujio cha 80 Hz, kinachokata mivumo mizito ya chini, kwenye kila maiki ya mtu. Upepo wa Iringa na vishindo vya miguu jukwaani hupungua sana. Sponji za maiki usiziache nyumbani.

Imebaki chaneli ya 2, na wanaoidai ni wawili: ligombo na waigizaji. Mpe ligombo. Ni chombo cha sauti ndogo, na kikiachwa bila maiki mstari wa tatu hausikii kitu. Elekeza maiki kwenye kibuyu, si kwenye vidole, umbali wa kiganja kimoja. Wasanii wa kikundi cha mtaani wamezoea kupaza sauti uwanjani. Waigize bila maiki, kinanda kizimwe kabisa.

Maigizo ndiyo yanayoiumbua mikisa hii. Haina vitelezi, ni vitufe vya kuzungusha tupu, kwa hiyo kufifisha muziki polepole wakati mwigizaji anaanza kusema ni kazi ya vidole viwili vyenye subira. Bandika teipu na uchore alama ya kila onyesho. Aux, njia ya kutoa mchanganyo wa pembeni, nayo ni moja, na hiyohiyo ndiyo ya efekti kama mwangwi. Ukitaka spika ya kwaya yenye mchanganyo wake na mwangwi kwa mwimbaji mmoja, chagua kimoja. Kama igizo ndilo kiini cha siku na lina maiki zake, tafuta mikisa kubwa zaidi.

Umeme: mikisa na spika zichukue kutoka ekstensheni moja, mvumo utapungua. Washa mikisa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. TANESCO wakikata, zima spika kabla haujarudi. Novemba hadi Aprili, mvua ya ghafla juu ya turubai humshinda yeyote, basi hotuba ziwe asubuhi.

Kaseti usiipige siku yenyewe. Wiki moja kabla, safisha hedi ya deki kwa pamba yenye spiriti, zungusha ukanda hadi mwisho na urudi ili usinate, kisha uirekodi kwenye kompyuta kwa USB ya mikisa hii. Siku ya shughuli piga nakala. Punguza kidogo HIGH, kitufe cha sauti nyembamba, ule mchakacho upungue. Ukizidisha, maneno yanafumbana na wajukuu hawatajua babu anasema nini. Efekti izime. Mwangwi juu ya sauti ya mzee unamfanya asikike kama tangazo la redio.