Umeungua jua na mwili unawasha? Iache kwanza hiyo jeli ya kijani

Kaskazi ikishaanza tu, meseji zangu zinakuwa za aina moja. Watu wametoka Nungwi, wametoka Kigamboni, wengine walikuwa tu kwenye sherehe ya mchana uwanjani bila turubai, usiku mabega yanawaka, shingo imekaza, na siku ya pili ya tatu hivi kinaanza kile kiwasho cha kujikuna hadi kwenye fremu ya mlango. Halafu wote wanamalizia hivyo hivyo: dada nimepaka jeli ya alovera ndo imezidi. Mwaka huu wamekuwa wengi mno jamani, ndo maana naandika.

Na mambo ya mtu mweusi haungui jua tuyaache. Anaungua vizuri tu, sema huoni wekundu kama wa mzungu, unakuja kushtuka ngozi ishabana, ni ya moto, imefanya weusi wa ajabu na inaanza kubanduka. Ukiwa unapaka mkorogo wa kujichubua ndo usiseme, ngozi ishakonda hiyo. Dar mwezi wa kwanza saa sita mchana kipimo cha mionzi ya jua kinafika 11 na kupita, na kwenye chati ya kipimo hicho 11 ndo daraja la mwisho kwa ukali.

Sasa mimi sitakuchosha na habari za chupa nzuri au inaingia haraka au hainati. Nageuza chupa, naangalia nyuma, natafuta spiriti na manukato. Basi.

Iko hivi, vitu vilivyomo vinaandikwa kwa kufuata wingi, kilichotangulia ndo kingi. Ukikuta maji halafu "alcohol denat" imekaa ya pili au ya tatu, hapo umeuziwa spiriti iliyotiwa rangi. Ukipaka unasikia raha kweli, kwa sababu spiriti inaruka hewani na inaondoka na joto kidogo, ila inaondoka na unyevu wa ngozi pia, saa moja mbele umekauka kuliko ulivyokuwa na kiwasho kimerudi na ndugu zake. "Menthol" nayo ni ujanja ule ule, inaidanganya ngozi ione baridi wakati moto uko pale pale, na poda zile za harara nyingi zimejaa hiyo. Manukato, yanaandikwa "parfum" au "fragrance", hata ngozi nzima yanaweza kuiwasha, sembuse iliyoungua. Na hiyo rangi ya kijani, ndugu yangu, kata jani la alovera uone, ute wake hauna rangi. Kijani wameweka wao ili ushawishike.

Ila usije ukaona "cetyl alcohol" au "cetearyl alcohol" ukakimbia. Hizo ni jamii ya mafuta, zinalainisha, hazina shida.

Sasa cha kupaka. Namba moja kwangu ni CeraVe, ile krimu nzito ya kopo, na hakuna aliyenilipa, natamani wangenilipa. Haina manukato kabisa na ina seramaidi, yaani mafuta ya aina ile ile ambayo ngozi yenyewe inayo ya kuzuia maji yasitoke. Oga maji ya baridi ya kawaida, usijisugue, jifute kwa kugusagusa taulo, paka mwili ukiwa bado na unyevu. Iweke kwenye friji kabla, utanishukuru. Krimu ya Cetaphil nayo haina manukato, nunua hiyo kama ndo imepatikana, sitakuvunja moyo, ila roho yangu iko CeraVe.

Namba mbili ni alovera ya jani lenyewe. Likate, lisimamishe mpaka ule utomvu wa njano uchuruzike wote maana huo nao unawasha, osha, ndo ukwangue ute, na ujaribu kidogo kwenye mkono kwanza. Jeli ya dukani nakubali kama nyuma hamna vile vitu viwili.

Namba tatu kalamaini, ile losheni ya pinki ya duka la dawa. Bei ndogo, inapunguza kiwasho, inakausha, unaonekana umepakwa chokaa. Mafuta ya nazi na Vaseline subiri joto la ngozi liishe, hapo ngozi ikibanduka zinafaa.

Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 siipangi namba kwa sababu ni dawa. Inatuliza kiwasho kweli, lakini ni kwa siku chache, eneo dogo, sio juu ya malengelenge, na mtoto usimpake bila kuuliza. Malengelenge usiyapasue. Kunywa maji. Ukiona homa, kutetemeka, kizunguzungu au malengelenge yametanda, au ni mtoto wa chini ya mwaka mmoja, acha kusoma nenda hospitali.

Sasa wauzaji. Kopo lile lile la CeraVe duka hili bei moja, ukivuka barabara karibu mara mbili, ukiuliza unaambiwa hii ni origino ya Dubai, kama vile Dubai ndo wanaitengeneza. Feki zimejaa, kopo limefanana hadi kifuniko, ukifungua linanukia maua, na hapo hapo ujue umepigwa kwa sababu yenyewe hainukii maua. Lakini kinachonikera kuliko vyote ni stika ya bei. Chupa nzima ina nafasi, mbele, juu, chini ya kitako, yeye anaibandika juu ya orodha ya vitu vilivyomo! Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, sijui wakipita madukani wanaangalia nini, stika hizo hazihitaji maabara kuziona. Mimi siku hizi naibandua kwa kucha pale pale kaunta, muuzaji akinikazia macho namrudishia chupa yake na stika yake ikiwa imening'inia.