Muuzaji aliyenitajia muuaji

Kitabu chenyewe hakina kosa, na ninalitanguliza hilo ili hasira yangu isimwangukie asiyestahili. Polar Star ya Martin Cruz Smith, iliyotoka mwaka 1989, inamhusu Arkady Renko, mpelelezi wa Moscow aliyetumbuliwa kazini na kufukuzwa kwenye Chama cha Kikomunisti, ambaye sasa anatumbua samaki ndani ya meli ya kiwanda ya Kisovyeti katika Bahari ya Bering. Wavu unapopandishwa ukiwa na maiti ya Zina Patiashvili, mfanyakazi wa jikoni, nahodha anakumbuka kwamba yule kibarua wa chini kabisa aliwahi kuchunguza mauaji. Utamu unaanzia hapo, kwa maana ofisa wa siasa anataka iandikwe kwamba binti hakuuawa, na mabaharia nao wanataka hivyo hivyo, kwa kuhofia kwamba uchunguzi ukirefuka watanyimwa ruhusa ya kushuka Dutch Harbor, kule Alaska, kununua vitu walivyovitamani miezi yote ya kuwa baharini. Dola imewafikisha watu mahali ambapo wanyonge wenyewe wanaulinda uongo kwa ajili ya siku moja ya madukani.

Sasa nije kwa muuzaji. Nilimlipa kwa simu, naye akanitumia kifurushi kwa basi hadi Mwanza baada ya kuniapia kwamba nakala ni ya mtumba lakini imekamilika. Usiku mmoja, pale Renko anapokaribia kabisa kumbana mtu wake, nilifunua ukurasa nikakutana na jalada. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'olewa, tena kwa ustadi, pasipo hata kipande cha karatasi kilichobaki. Nilimwandikia kwa adabu, nikamsalimu, nikamwita kaka, nikaomba samahani kwa usumbufu. Alinijibu mchana: “Dada, si ulitaka kujua nani kaua tu?” Akanitajia jina, kisha akasema kwamba sasa nimekimaliza na kwamba yeye hanidai kitu. Hanidai!

Jina bila ushahidi ndicho kitu anachokikataa Renko tangu mwanzo wa kitabu, hata pale ambapo kukikubali kungempa usalama, na mimi niliyemfuata hadi huko siwezi kukipokea kutoka kwa mtu ambaye nina shaka kama aliwahi kukifungua kitabu chenyewe. Nilimwuliza amejuaje; akanitumia kikaragosi kinachocheka.

Nilikusudia kumpa nyota moja. Hata hivyo, ni nani mwingine hapa nchini angekuwa na riwaya hii, tena kwa bei ile? Basi ziwe mbili. Hapana, irudi moja, kwa sababu leo amenitumia picha ya Gorky Park, kisa cha kwanza cha Renko, akidai kwamba hiyo “imekamilika kabisa, dada”. Nimemwambia apige picha ya ukurasa wa mwisho, maandishi akiyaziba kwa kiganja, ndipo tuzungumze bei.