Hoteli ndogo za mji mkongwe wa Görlitz: omba chumba cha uani, ghorofa ya kwanza

Görlitz ndio mji wa mashariki kabisa nchini Ujerumani. Mto Neiße unapita pembeni, na ng'ambo yake ni Zgorzelec ya Poland. Hadi 1945 ulikuwa mji mmoja. Vita viliyaangusha madaraja lakini nyumba zilibaki zimesimama, kwa hiyo leo majengo yapatayo 4,000 yanalindwa kisheria. Hoteli nyingi ndogo kandokando ya Untermarkt na Obermarkt, viwanja viwili vya mji mkongwe, zimo ndani ya nyumba za kale za wafanyabiashara wa vitambaa. Hazikujengwa ziwe hoteli, na karibu kila lalamiko la mgeni lina mzizi hapo.

Kwanza ngazi. Nyumba inayolindwa haitobolewi hovyo, hivyo nyingi hazina lifti, na ngazi zenyewe ni nyembamba zenye kona kali. Mwenye magoti mabovu au begi la kilo 23 aulize kabla ya kulipa. Waifai nayo husuasua kwa sababu ya kuta nene za mawe na dari za kuba. Ila kuta hizohizo ndizo zinazokupa ubaridi Julai na Agosti, maana kiyoyozi usikitarajie. Chumba cha juu kabisa, chini ya paa, ni kizuri kwa macho lakini siku za joto kinakuwa tanuri. Cha barabarani kinapokea kelele za magari juu ya mawe, pamoja na kengele za makanisa. Ndiyo maana nasisitiza uani.

Dirisha linawatesa wengi. Kishikio kikitazama chini, limefungwa. Kikilala ubavu, linafunguka lote kama mlango. Kikitazama juu, linainama kidogo tu kwa ndani. Ukikigeuza kuelekea juu wakati dirisha liko wazi, upande wa juu unachomoka na kioo kinaning'inia kwenye bawaba ya chini, mtu akadhani amelivunja. Hajalivunja. Sukuma kona ya juu ya upande wa bawaba hadi igote kwenye fremu, ishikilie hapo, rudisha kishikio ubavu, kisha funga kama kawaida.

Kipasha joto kina kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Kuweka 5 hakuharakishi joto; kunaongeza tu kiwango ambacho kitaendelea kukifukuzia, na usiku utaamka umelowa jasho. Kitanda cha wawili kwa kawaida ni magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, kila mtu na shuka lake na duveti lake. Soketi ni za pini mbili za duara, hivyo plagi ya pini tatu bapa ya Kenya, Uganda au Tanzania inahitaji adapta. Nunua kabla ya Jumapili, maana siku hiyo maduka hufungwa.

Chumba hutolewa kuanzia kama saa 9 alasiri, na mapokezi ya hoteli ndogo mara nyingi hufungwa jioni. Treni kutoka Dresden huchukua takriban saa moja na nusu, na toka stesheni hadi Untermarkt ni kama dakika 20 kwa miguu. Ikiwa utachelewa, piga simu mchana upewe namba ya siri ya kisanduku cha ufunguo. Utajaza fomu ya usajili na kuonyesha pasipoti. Tangu Januari 2025 Wajerumani hawaijazi tena, ila wageni wa nje bado; ni sheria, si kubaguliwa.

Kifungua kinywa, ambacho mara nyingi hulipiwa kando, ni mikate midogo ya moto, jibini, mayai ya kuchemsha, jemu na nyama baridi. Asiyekula nguruwe atafute kibao cha "Geflügel", yaani kuku au bata mzinga, na hata hapo aulize, kwani soseji ya kuku inaweza kuchanganywa mafuta ya nguruwe.

Thamani ya hoteli hizi iko mlangoni. Unatoka na papo hapo umezungukwa na kuta zilizopakwa upya vizuri, kwa sehemu kutokana na mfadhili asiyejulikana aliyetuma marki milioni moja (fedha ya Ujerumani kabla ya euro) kila mwaka kuanzia 1995, kisha kiasi chenye thamani hiyohiyo kwa euro, hadi 2016. Ukiteremka dakika chache unafika Altstadtbrücke, daraja la waenda kwa miguu lililojengwa upya 2004. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja haiharibiki kwa kuvuka, maana Poland nayo imo katika nchi zinazotumia viza hiyo moja. Lakini beba pasipoti hata kama unakwenda kula tu: Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka huu Oktoba 2023, na polisi anaweza kukusimamisha unaporudi. Ng'ambo fedha ni zloti, na chakula cha jioni huwa nafuu kuliko upande wa hoteli.