Safari ya skuli ya jangwa na mlima hapa Oman, uzoefu wangu kama mzazi

Wenzangu wa Maskati wenye watoto wa skuli, najua wengi mmeletewa ile karatasi ya ruhusa ya safari ya jangwani na mlimani na mpaka leo iko juu ya friji hamjui msaini au muirudishe hivyo hivyo. Mie nshakwenda, tena sikumpeleka mtoto peke yake, nilijiandikisha mzazi msimamizi maana skuli ilikuwa inataka kina mama wa kufuatana na wasichana. Jina la kampuni sitolitaja kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulalamika pia. Bei ilikuwa chini kidogo ya riyali 50 kwa mtoto, usafiri, chakula, tenti na waongozaji ndani yake, begi la kulalia unakuja nalo au unakodi kwao. Mamangu alipoisikia hiyo bei alicheka mpaka akakohoa, ati siku hizi watu wanalipa kwenda kulala mchangani na sie pale kijijini Paje, Unguja, tumelala bure utoto wetu wote.

Jangwani tulikwenda Sharqiya Sands, wazee bado wanapaita Ramlat al Wahiba kwa jina la kabila la Bani Wahiba. Unashika njia ya Sur mpaka Bidiya, basi linaishia hapo, mnahamia kwenye Land Cruiser zilizopunguzwa upepo matairini. Watoto walishajiandaa na ule mchezo wa gari kupanda na kuporomoka kwenye vilima vya mchanga kama wanavyoona kwenye video, hapana, madereva wakatushusha wakaondoka na mizigo yetu, haya twendeni kwa miguu. Walinuna hao! Darasa la sita na simu zimekusanywa zote, kila mtu na chupa zake za maji mgongoni, binti yangu akaniangalia jicho la wewe ndo umeniponza.

Kilichoiokoa safari ni mzee mmoja wa kibedui wa hapo hapo, watoto wakimwita ami, hana haraka na hahutubii. Asubuhi mapema kabla upepo haujaanza kufuta anawatoa kwenda kusoma nyayo. Huyu dundu, huyu mjusi kakokota mkia, huyu mbweha kapita nyuma ya tenti zenu usiku na nyie mnakoroma. Basi hapo kila mtoto kapiga magoti anatafuta yake. Kuna wawili walifuata nyayo za dundu mbali kidogo zikakatika ghafla, na pembeni mchangani kuna alama mbili kama zimefagiwa, wakabaki wanabishana, ami kakaa kimya tu, mpaka mmoja akapiga ukelele, ndege kamchukua! zile ni mbawa! Ami akaitikia kwa kichwa akaendelea kutembea. Wallahi sijaona mwalimu akafundisha vile.

Usiku akaja na tochi ya mwanga wa zambarau akaipitisha chini ya kichaka, nge akawaka kijani, anang'ara kabisa. Nge karibu wote wako hivyo ukiwamulika na huo mwanga, mie na umri huu wote nilikuwa sijui. Sasa wazazi mtasema nge tena karibu na watoto, lakini baada ya pale hakuna mtoto aliyetoka kwenye tenti pekupeku, na kila asubuhi viatu vinakung'utwa bila ya kuambiwa, jambo ambalo mie ningelisema mara mia lisisikike.

Mchana jua likikaza tunajibanza chini ya mighafu. Mti huo unaota pale pale mchangani, mizizi yake inashuka chini makumi ya mita kutafuta maji, na mifugo ya mabedui inaishi kwa majani yake. Hapo ami akawaeleza kwamba ile milima ya mchanga, mingine inafika mita 100, imepangwa na upepo wa kusi, na ndio maana imelala mistari mirefu kutoka kusini kwenda kaskazini. Mie nikadakia, nikawaambia huo huo kusi ndio uliokuwa ukiwarudisha babu zenu na majahazi kutoka Unguja mpaka Sur. Wengine walinitazama tu, lakini mmoja akauliza kwa hiyo kaskazi ndio uliowapeleka? Nikasema eeh mwanangu, huo huo.

Choo sasa, maana najua ndilo swali la kina mama. Ni kihema na shimo na koleo, ukimaliza unafukia. Wasichana walikuwa na kimoja tu na foleni ya asubuhi ilikuwa balaa, hilo niliwaambia na naona wangeongeza. Maji yalikuwa ya kunywa na kupikia basi, kwa hiyo watoto walitayamamu, yaani badala ya kutawadha kwa maji unatumia mchanga, kitu wamekisoma tu kwenye kitabu cha dini hawajapatapo kukifanya. Chakula kizuri, wali na mbuzi, mkate wa moto wa asubuhi na asali.

Tukija kwenye mlima ndio malalamiko. Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, mita 3,000 na kidogo, na tulipita ile njia ya kutoka Al Khitaym mpaka kijiji cha As Sab kilichohamwa, unatembea ubavuni mwa jabali na korongo lote la Wadi Nakhr liko chini yako. Mahali ni pazuri sitodanganya, mbuzi wanakufuata nyuma kuomba maganda, na mwanzoni mwa njia wanakaa wanawake wanauza vitu vya sufu walivyosuka wenyewe. Lakini kampuni iliunganisha kundi letu na la skuli nyingine, tukawa msururu mrefu kwenye njia nyembamba isiyo na kizuizi chochote, na mwongozaji kijana wa watu kazi yake ikawa yalla yalla tuwahi basi. Njia imepakwa rangi njano nyeupe na nyekundu kwenye mawe, kupotea hupotei, ila unafika umeona visigino vya aliye mbele yako.

Kilichoniuma, yale mawe yana kombe na viumbe vya baharini ndani yake, majabali yote yale zamani yalikuwa chini ya bahari, mtoto mmoja akaliona kombe akasimama, akasukumwa aendelee. Sasa hapo si ndio pa kukaa nusu saa? Ule ndio ulikuwa mlango wenyewe wa kujifunza na tukaupita mbio. Jangwani tulitembea kidogo tukaona mengi, huku tulitembea sana na watoto walichosimulia nyumbani ni miguu kuuma.

Na baridi jamani. Kwenye karatasi wameandika "nguo za baridi" basi, mtoto wa Maskati baridi anayoijua ni ya eisi, wengine walikuja na koti la mvua. Januari kule juu maji yanaganda usiku, wekeni kofia ya sufu, glavu na soksi mbili mbili, na raba zilizoshika chini, si zile za kuendea mol.

Kuhusu usalama nilibana sana kabla sijasaini, baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyochukua watoto wa skuli kule Samad al Shan hakuna mama asiyeuliza. Jibu lao lilikuwa safi, hawapigi kambi ndani ya wadi, yale mabonde yanayopita maji ya mvua, hata kukiwa kukavu, wanaangalia taarifa za hali ya hewa mpaka asubuhi ya safari, na ikitajwa mvua wanaahirisha na pesa hazipotei. Wewe uliza hivyo hivyo, na wakianza kuzunguka maneno rudisha karatasi yao. Uliza pia kundi lina watoto wangapi kwa kila mkubwa na kama wataunganishwa na wengine, haya sie hatukuambiwa.

Jangwa nawapa nyota tano, mlima tatu, na ya tatu ni ya mbuzi. Mwakani skuli inataka kwenda Jebel Akhdar wakati wa mawaridi, Machi mwishoni hivi, nshawaambia nasaini kama kundi litakuwa dogo na kama ami atakuja na huko.