Great Circle Mapper: kipimo cha umbali wa anga kinachotaka ukilishe vizuri

Andika MWZ-CAN, yaani misimbo ya viwanja vya ndege, kwenye tovuti ya Great Circle Mapper, utaambiwa kutoka Mwanza hadi Guangzhou ni takriban kilomita 9,140. Hesabu ni sahihi, ila kwa mfanyabiashara wa Makoroboi, hapa Mwanza, anayefuata mzigo China haina kazi kubwa, maana hakuna ndege ya abiria inayounganisha miji hiyo bila kutua.

Uzuri wa tovuti hii ni kwamba inapokea vituo. Andika MWZ-DAR-ADD-CAN, kistari kati ya kila msimbo, nayo itatoa kila kipande na jumla: Mwanza–Dar kama 850, Dar–Addis Ababa 1,755, Addis Ababa–Guangzhou 8,040. Jumla ni 10,650 hivi, kilomita 1,500 zaidi ya mstari ulionyooka. Sasa weka koma, ongeza MWZ-DAR-CAN, na njia zote mbili zitachorwa kwenye ramani moja. Hii ya pili inakuja kama 9,570. Zaidi ya saa nzima ya kuruka imepungua, kabla hata hujahesabu muda wa kusubiri uwanjani. Kwa kulinganisha tiketi, hapa ndipo tovuti inapolipa.

Kosa linaloumiza watu ni vipimo. Ukikuta „mi“ ni maili za kawaida, zidisha kwa 1.609 upate kilomita; „nm“ ni maili za baharini, zidisha kwa 1.852. Ukizidisha maili za baharini kwa 1.609, safari ya kilomita 9,140 itasomeka kama 7,940. Afadhali uchague kilomita tangu mwanzo. Tena tumia msimbo MWZ, usitegemee jina. Malawi nayo ina Mwanza, zaidi ya kilomita 1,400 kusini mwa ziwa letu, na vikokotoo vingine vinavyotafuta kwa jina vinaweza kukupeleka huko bila kukuonya.

Mstari ukionekana umepinda, usidhani tovuti imeharibika. Dunia ni mviringo, ramani ni bapa. Njia fupi kuliko zote hupinda inapolazwa kwenye karatasi.

Upungufu wake: haijui upepo, wala mizunguko ya rubani anapopaa na kusubiri zamu ya kutua. Kwa hiyo muda wa safari uukokotoe mwenyewe. Gawa kilomita kwa 900, yaani mwendo wa ndege kwa saa, kisha ongeza nusu saa kwa kila kipande, siyo mara moja kwenye jumla. Wengi hukosea hapo. Mwanza–Dar inatoka dakika 57, ongeza 30, unapata karibu saa moja na nusu. Hiyo ni kwa ndege ya jeti. Kama siku hiyo mmepangiwa ya mapangaboi, gawa kwa 600.