Spinloki au myuteksi (aina mbili za kufuli) kwenye bafa (hifadhi ya muda ya data) ya keneli (kiini cha mfumo endeshi)?
Hili swali haliishi. Thredi mbili (mikondo ya kazi inayoenda sambamba) zinaandika bafa moja kwa wakati mmoja, data inavurugika, sasa ufunge na nini? Spinloki ni nyepesi, ila kazi ikiwa ndefu anayesubiri anazunguka tu na kumaliza muda wa prosesa. Myuteksi inamlaza, japo kulaza na kuamsha nako kuna gharama. Kwenye Linux ukiwa ndani ya intarapti (ishara inayokatiza kazi ya prosesa) huruhusiwi kulala, myuteksi sahau, na thredi inayogusa bafa hiyohiyo izime intarapti kwanza kwa spin_lock_irqsave, la sivyo intarapti itaingia katikati isubiri kufuli ambalo thredi iliyolishika imesimamishwa, mashine inaganda, hapa jamani kuweni makini sana. Unanakili data ya programu ya mtumiaji kwa copy_from_user? Inaweza kulala, chukua myuteksi. Mwandishi mmoja na msomaji mmoja tu? kfifo, foleni ya data ya keneli ya Linux, haihitaji kufuli.